Historia ya Kufungua Poti Kwenye Fayawoli

Poti ni namba inayoandikwa mwanzoni mwa kila pakiti ya TCP au UDP. Anwani ya IP huifikisha pakiti kwenye kompyuta inayohusika. Poti huonyesha ni programu gani ndani ya kompyuta hiyo inayosubiri kuipokea, iwe seva ya tovuti, seva ya barua pepe au mchezo wa mtoto. Namba hiyo ina biti 16, kwa hiyo huanzia 0 na kuishia 65535. Kuelekeza poti, au kufungua poti kama mafundi wengi wasemavyo, ni kuiagiza fayawoli au ruta iliyo mpakani mwa mtandao ipokee pakiti za poti fulani kutoka nje na kuzikabidhi kwa kompyuta moja iliyo ndani. Hakuna aliyekaa mezani akaibuni kazi hii. Ilizuka katika miaka ya 1990, pale suluhisho la uvamizi na suluhisho la uhaba wa anwani, ambayo hayakuwa na undugu wowote, yalipowekwa ndani ya kisanduku kimoja.

Namba zenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mtandao wa ARPANET, uliotuma ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford, ulikuja kutumia itifaki iitwayo NCP. Njia moja ya NCP ilipeleka data upande mmoja tu. Kompyuta mbili zilizotaka kuzungumza zilihitaji njia mbili, na kila upande ulitenga namba mbili zilizofuatana: shufwa ya kupokelea na witiri ya kutumia. Mei 1972 Jon Postel, ambaye alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu huko Los Angeles, aliandika pendekezo fupi kwamba huduma za kawaida zipewe namba za kudumu, na kwamba awepo mtu mmoja wa kuzigawa. Akajitaja mwenyewe, kwa alama ya kuuliza. Kazi hiyo aliishika hadi alipofariki Oktoba 1998, kwa muda mrefu akiwa na Joyce Reynolds.

Ndiyo maana huduma za zamani zina namba witiri: FTP ya kuhamishia mafaili ni 21, Telnet ya kuingilia kompyuta ya mbali ni 23, SMTP ya kusafirishia barua pepe ni 25. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET iliiacha NCP na kuhamia TCP, ambayo hupeleka data pande zote mbili kwa njia moja. Namba nyingi za shufwa zilizokuwa katikati zikabaki wazi, na mojawapo ingekuja kuwa poti inayogongwa kuliko karibu zote duniani.

Wakati huohuo mfumo wa Unix uliotoka Berkeley uliweka desturi iliyodumu hadi leo: poti zilizo chini ya 1024 hufunguliwa na msimamizi mkuu wa kompyuta peke yake. Juu ya desturi hiyo zikajengwa huduma kama rlogin na rsh, zilizomruhusu mtumiaji wa kompyuta moja kuingia nyingine bila nywila, mradi ombi lake lilitoka kwenye poti ya chini. Hoja ilikuwa kwamba poti ya chini ni ushahidi wa msimamizi, na msimamizi ni mtu wa kuaminika. Ilikuwa na mantiki pale kompyuta zilipokuwa chache, zimefungiwa katika vyumba vya vyuo vikuu, na wasimamizi wake wanafahamiana. Kompyuta binafsi zilipoenea na kila mwenye mashine akawa msimamizi wa mashine yake, ushahidi huo haukuwa na thamani tena. Huduma zenyewe ziliendelea kutumika kwa miaka mingi.

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ilipita katika huduma za kawaida kabisa: seva ya barua pepe kwenye poti 25, huduma ya finger kwenye poti 79, na zile huduma za kuaminiana za Berkeley. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba iliziambukiza kompyuta 6,000 hivi, katika mtandao uliokuwa na takriban 60,000. Kabla ya mwezi kwisha, kituo cha kuratibu dharura za kompyuta, CERT, kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Baada ya hapo mashirika yaliyounganishwa na mtandao yalianza kujiuliza swali ambalo awali lingeonekana la uchoyo: je, kila kompyuta iliyo ndani inapaswa kufikiwa na kila kompyuta iliyo nje?

Jibu lilianzia kwenye maabara za kampuni. Katika kampuni ya Digital, Jeff Mogul alieleza mwaka 1989 programu iliyosoma anwani na poti za kila pakiti kabla ya kuiruhusu ipite. Katika maabara ya Bell, Bill Cheswick alichapisha mwaka 1990 maelezo ya mpaka waliojijengea: kompyuta moja iliyoonekana nje, nyingine ndani, na hakuna pakiti iliyovuka moja kwa moja. Mwaka 1994 yeye na Steven Bellovin walitoa kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu fayawoli, na mwaka huohuo kampuni ya Check Point ya Israeli ikaanza kuuza fayawoli iliyokumbuka mazungumzo. Ilijua kwamba pakiti inayokuja kutoka nje ni jibu la ombi lililotumwa kutoka ndani sekunde moja iliyopita, hivyo ikaipitisha bila kuhitaji kanuni ya kudumu. Kanuni kuu ya fayawoli hizi ilikuwa moja: kisichoruhusiwa kwa maandishi, kimekatazwa.

Itifaki ya FTP iliipinga kanuni hiyo kwa ukaidi. FTP huanza kwa mazungumzo kwenye poti 21, kisha mteja humtumia seva anwani yake na namba ya poti, na seva hufungua njia ya pili kumrudia mteja ili kuleta faili. Kwa fayawoli, njia hiyo ya pili ni mgeni asiyealikwa. Wasimamizi wengine walifungua poti zote za juu ili watu wapate mafaili yao, jambo lililoifanya fayawoli kuwa mapambo. Februari 1994 Bellovin aliandika waraka akitaka programu za FTP zitumie njia ambayo mteja ndiye anayefungua mawasiliano yote mawili. Pendekezo lilikubalika polepole, na hata leo fayawoli nyingi zina kipande cha programu cha kuchungulia ndani ya mazungumzo ya FTP ili kubashiri poti itakayofuata. Itifaki iliyobuniwa kabla ya fayawoli kuwapo haikuweza kujua kwamba siku moja kuna atakayesimama katikati.

Udhaifu mkubwa zaidi wa huduma za zamani ulikuwa kwamba zilipeleka nywila kama zilivyo. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini ulipandikizwa programu ya kunasa nywila. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika SSH, ambayo husimba mazungumzo yote ili anayesikiliza njiani asiambulie kitu. Ilikusudiwa kuziondoa Telnet na FTP, na Ylönen aliona kwamba kati ya 21 na 23 kuna namba iliyo wazi. Julai 1995 aliwaandikia Postel na Reynolds kuomba poti 22, akaipata ndani ya siku moja au zaidi kidogo.

SSH ilikuja pia na uwezo ambao haukuwa kwenye Telnet. Mtu aliyeingia kwenye seva kwa SSH anaweza kuipitisha poti nyingine yoyote ndani ya mawasiliano yaleyale yaliyosimbwa. Poti ya hifadhidata isiyopaswa kuonekana nje huonekana kwenye kompyuta ya mtumiaji kana kwamba iko mezani pake, ilhali fayawoli haioni ila poti 22. Hapo palikuwa na namna mbili za kuelekeza poti: moja inayoifungua kwa dunia nzima, na nyingine inayoifungua kwa mwenye ufunguo pekee. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha usalama wa jambo hili, ingawa kwa miaka mingi watengenezaji wa vifaa vya nyumbani walifundisha ile ya kwanza.

Walifanya hivyo kwa sababu ya uhaba wa anwani. Anwani ya IP ya toleo la nne ina biti 32, yaani jumla ya anwani zipatazo bilioni 4.3, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi waliona zitakwisha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha mbinu ya kutafsiri anwani, NAT, wakiieleza kuwa suluhisho la muda mfupi. Februari 1996 zikathibitishwa anwani za faragha ambazo kila nyumba na ofisi inaweza kuzitumia bila kuomba, zikiwemo zinazoanza na 10 na zinazoanza na 192.168. Kompyuta nyingi za ndani zingetoka nje kwa anwani moja ya umma.

Hali yake inafanana na shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Mwanafunzi akimwandikia mzazi, jibu humfikia kwa sababu bahasha ya jibu ina jina lake. Lakini barua ya mgeni iliyoandikwa S.L.P. ya shule pekee haiwezi kwenda popote, mpaka mwalimu aelekezwe kwamba barua za namna hiyo apewe fulani.

Ndani ya ruta, maelekezo hayo ni mstari mmoja wa jedwali. Tuseme ruta ina anwani ya umma 203.0.113.7, na ndani kuna seva yenye anwani 192.168.1.20 inayohudumia tovuti kwenye poti 443. Pakiti inafika kutoka nje ikiwa imeandikwa 203.0.113.7, poti 443. Kabla ya kuamua iipeleke wapi, ruta hufuta anwani ya mwisho wa safari na kuandika 192.168.1.20, hukokotoa upya namba ya kuhakiki makosa, na kuweka kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Seva ikijibu, ruta hufanya kinyume: hufuta 192.168.1.20 na kurudisha 203.0.113.7, ili aliye nje asijue kwamba kuna mashine ya pili. Hatua inayosahaulika ni ya tatu, nayo ni ya fayawoli: kutafsiri anwani hakutoshi, lazima kuwe pia na kanuni inayoiruhusu pakiti ipite. Katika Linux toleo la 2.4 la Januari 2001, lililoleta fayawoli ya iptables chini ya uongozi wa Rusty Russell, kazi hizi mbili ziliwekwa katika majedwali mawili tofauti, na fundi mgeni anayesahau la pili hushinda siku nzima akitafuta kosa lilipo.

Ruta za bei nafuu zilizoenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 ziliziunganisha hatua zote katika fomu moja yenye visanduku vitatu au vinne. Wateja wakubwa wa fomu hiyo walikuwa wachezaji. Mchezo wa Quake wa mwaka 1996 ulitumia poti 26000, na kampuni iliyoutengeneza ilikuwa tayari imeusajilia mchezo wake wa awali, Doom, poti 666, mzaha ambao bado umo katika orodha rasmi ya dunia. Kwa kuwa vijana wengi walishindwa kujaza fomu hiyo, ikaja UPnP, itifaki iliyoruhusu programu yoyote iliyo ndani iiombe ruta ifungue poti, nayo ruta ikubali bila kuuliza nenosiri wala kumjulisha mwenye nyumba. Urahisi huo ulilipiwa baadaye. Januari 2013 watafiti wa kampuni ya Rapid7 walitangaza kwamba anwani zaidi ya milioni 80 zilikuwa zikiitikia maombi ya UPnP kutoka upande wa intaneti, mahali ambapo hayakupaswa kusikika kabisa.

Kufikia hapo watu walikuwa wameshazoea kuiona NAT kama fayawoli, kwa kuwa yule asiye na mstari kwenye jedwali hakuweza kuingia. Ulikuwa ulinzi wa bahati. Matukio ya mwaka 2003 yalionyesha kilichotokea pale huduma zilipoachwa wazi. Tarehe 25 Januari, programu ya kujinakili iitwayo Slammer ilishambulia programu ya hifadhidata ya Microsoft kupitia UDP poti 1434. Mwili wake wote uliingia katika pakiti moja, na sehemu kubwa ya kompyuta zipatazo 75,000 ilizozidhuru zilikuwa zimenaswa ndani ya dakika kumi. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa tangu Julai 2002. Agosti ikaja nyingine, Blaster, kupitia poti 135. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa nyongeza ya pili ya Windows XP ikiwa na fayawoli iliyowashwa tangu mwanzo.

Historia ikajirudia tarehe 12 Mei 2017, programu iitwayo WannaCry ilipoenea katika nchi zaidi ya 150 kupitia poti 445 ya kushirikishana mafaili, ikafunga kompyuta za hospitali za umma nchini Uingereza na kudai fidia. Safari hii pia marekebisho yalikuwapo, tangu Machi. Poti 445 haina sababu yoyote ya kuonekana nje ya ofisi, na vivyo hivyo 3389, ambayo Windows huitumia kwa udhibiti wa mbali na ambayo wavamizi huijaribu kila siku kwa nywila za kubahatisha.

Programu ya Mirai ya mwaka 2016 ilikuwa aibu ya namna nyingine. Haikutumia kasoro yoyote ya kitaalamu. Iligonga poti 23 na 2323 za kamera za ulinzi na ruta, ikajaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, na kila kifaa kilichokubali kikawa askari wake. Tarehe 21 Oktoba iliiangusha kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na tovuti nyingi maarufu zikatoweka kwa saa kadhaa. Katika msimu huohuo kundi la vifaa vyenye Mirai lilielekezwa kwenye kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia. Mtu aliyelipwa kufanya hivyo alihukumiwa kifungo Uingereza mwaka 2019. Telnet, iliyopaswa kufa pale SSH ilipozaliwa, ilikuwa bado hai ndani ya kamera ya ukutani.

Mbinu salama za kuelekeza poti zilijengeka kutokana na misiba hii. Ya kwanza kuachwa ilikuwa imani kwamba kubadili namba kunaficha huduma. Mtu aliyehamisha SSH kutoka 22 kwenda 2222 hupunguza kelele katika kumbukumbu za seva, basi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ZMap kwamba kompyuta moja yenye mtandao wa gigabiti moja inaweza kuikagua poti moja katika anwani zote za IPv4 kwa chini ya dakika 45.

Badala yake, idadi ya poti zilizo wazi ilipunguzwa. Tovuti nyingi zilizo nyuma ya ruta moja hazihitaji tena poti nyingi: seva ya kupokelea, kama Nginx iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, hukaa kwenye poti 443 na kugawa maombi kwa jina la tovuti iliyoombwa. Mradi wa Let's Encrypt ulipoanza kutoa vyeti bila malipo mwishoni mwa 2015, kisingizio cha kuacha tovuti kwenye poti 80 bila usimbaji kilikwisha. 80 siku hizi huachwa wazi ili kumpeleka mgeni kwenye 443 na kuthibitisha vyeti. Barua pepe ilitenganishwa: 25 ikabaki ya seva kwa seva, na watumiaji wakapewa 587, inayowadai nywila. SSH, ikilazimika kuonekana nje, huwekwa iingiwe kwa ufunguo wa kriptografia badala ya nywila, na inapowezekana fayawoli huruhusu anwani zinazojulikana tu. Seva inayopokea wageni huwekwa katika mtandao wake, mbali na kompyuta za uhasibu, kwa mtindo uleule wa Bell wa mwaka 1990, ili ikivamiwa mvamizi asiwe tayari sebuleni.

Huduma zilizobaki, kama udhibiti wa mbali, kamera, hifadhidata na mafaili ya ofisi, zilihamishiwa nyuma ya VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita ndani ya intaneti ukiwa umesimbwa. OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001, huhitaji poti moja, ambayo kwa kawaida ni 1194. WireGuard ya Jason Donenfeld, iliyoingizwa rasmi katika Linux Machi 2020, nayo hutosheka na poti moja ya UDP, ikiwa na tabia ya ziada: haimjibu kabisa asiye na ufunguo, kwa hiyo anayekagua poti kutoka nje haoni tofauti kati yake na ukimya. Ni wazo lilelile la SSH ya 1995, likiwa limepanuliwa kutoka poti moja hadi mtandao mzima.

Wakati mbinu hizo zinakomaa, anwani zenyewe ziliadimika kweli. Hazina kuu ya dunia iligawa fungu lake la mwisho tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, msajili wa anwani wa Afrika mwenye makao Morisi, alikuwa na akiba iliyodumu zaidi, lakini mwaka 2017 naye akaanza kuzigawa kwa kipimo. Kampuni za simu zikaweka NAT ya pili juu ya ile ya nyumbani, zikitumia anwani za 100.64 zilizotengwa kwa kazi hiyo Aprili 2012. Mteja wa namna hii anaweza kujaza fomu ya ruta yake kwa usahihi wote na bado poti isifunguke, kwa sababu anwani ya umma iko kwenye mitambo ya kampuni. Njia iliyobaki kwake ni ya kinyume: kompyuta iliyo ndani huanzisha yenyewe mawasiliano ya SSH au WireGuard kwenda kwenye seva ya kukodi yenye anwani ya umma, na wageni huingilia huko.

IPv6, iliyoandikwa mara ya kwanza Desemba 1995, ina anwani za biti 128, hivyo kila kamera na kila simu inaweza kuwa na yake ya umma. Tafsiri ya anwani haihitajiki, na pamoja nayo huondoka ule ulinzi wa bahati. Waraka wa Januari 2011 kuhusu ruta za nyumbani ulieleza jinsi ruta inavyoweza kuzuia mawasiliano yanayoanzia nje hata katika IPv6, na ruta nyingi huuzwa zikiwa hivyo. Kufungua poti katika mtandao wa namna hii kunabaki na ile nusu iliyoanzia kwenye fayawoli za Digital na Bell: kanuni moja inayotaja anwani ya seva, itifaki na namba ya poti, bila kuibadilisha pakiti yenyewe.